Unyaufu, Dira na Floti: Nilivyojifunza Kazi za Watu

Hotuba kwa vijana wanaoanza kazi ya ushauri elekezi, Morogoro

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu mlioketi mbele, wageni waalikwa, na ninyi vijana ambao mkutano huu ni wenu, nawasalimu sana.

Nimeombwa nizungumze kuhusu kujifunza upesi, na kuhama kutoka kazi moja kwenda nyingine zisizofanana bila kupoteza njia. Nimefanya ushauri elekezi kwa zaidi ya miaka 25. Nilichosomea ni uhasibu. Lakini katika miaka hiyo nimeshinda kwenye ghala la korosho, nimezunguka na mafundi bomba usiku wa manane, nimehesabu dawa kwenye stoo ya hospitali, na nimekaa vibandani na mawakala wa pesa za simu. Hakuna hata kazi moja kati ya hizo niliyoingia nikiijua. Na kila mara hadidu za rejea, yaani maelekezo ya kazi kutoka kwa mteja, zilinitaka niwasilishe ripoti ya awali wiki ya tatu, kana kwamba nilizaliwa humo.

Vijana wengi wananiuliza nafanyaje. Nimekuja na kitu chenyewe. Hili daftari hapa ni la kumi na kitu. Mengine yako nyumbani. Ndani hamna hesabu. Mna maneno tu, maneno ya watu wa kila kazi niliyopita, yaliyoandikwa jinsi wao wanavyoyasema, na pembeni jina la aliyenieleza maana yake. Leo nitawasomea machache, maana kila ninachokijua kuhusu kujifunza kimo humu.

Mazoea haya yalianzia Kariakoo. Julai 1998 Kodi ya Ongezeko la Thamani ilianza kutozwa Tanzania Bara, wakati ule kwa asilimia 20. Ilikuja kushuka kuwa 18 mwaka 2009. Wafanyabiashara walihitaji kutunza vitabu kwa namna mpya. Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuoni, na bosi wangu akanituma kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nilibeba kalkuleta na karatasi nilizozipiga mistari usiku kucha. Akanizuia mlangoni akaniambia, "Siku mbili za kwanza usiandike tarakimu. Andika maneno wanayosema."

Niliona kama ananipotezea muda. Nikakaa nyuma ya kaunta, juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa, nikaandika: nondo, binding waya, bati, geji. Jioni nikamuuliza kijana wa duka kwa nini bati la geji 30 ni la bei ndogo kuliko la geji 28, wakati 30 ni kubwa. Hakunieleza kwa mdomo. Alichukua vipande viwili akaniwekea mikononi. Cha geji 30 kilikuwa chepesi, kikapinda kwa kidole gumba. Kwenye bati namba ikipanda unene unashuka. Karatasi zangu za usiku kucha zilikuwa zimepanga mabati kinyume chake, na bei ningezipanga hivyo hivyo.

Neno "geji" nilikuwa nimelisikia kabla. Nilidhani nalijua. Tangu siku ile naogopa neno ninalodhani nalijua kuliko nisilolijua kabisa, kwa sababu nisilolijua nitaliuliza.

Sasa nitawapeleka Mtwara, na hapo nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo nilipokosea vibaya kuliko popote.

Sheria ya Stakabadhi za Ghala ilitungwa mwaka 2005, na msimu wa 2007 mfumo ukaanza kutumika kwenye korosho. Mnaotoka kusini mnaujua. Mkulima anapeleka korosho ghafi kwenye chama cha msingi cha ushirika, zinapimwa. Chama kinazisafirisha hadi ghala kuu, zinapimwa tena. Ghala linatoa stakabadhi, na wakati ule kwa stakabadhi hiyo chama kiliweza kukopa benki ili mkulima apate malipo ya awali kabla ya mnada. Korosho zikishauzwa yalifuata malipo ya pili. Kila mahali pana mzani, na kila mzani una karatasi yake. Kwa mhasibu hiyo ni kazi tamu. Unapanga karatasi, unatoa, unajumlisha.

Tulipewa siku chache mno, misimu michache baada ya mfumo kuanza. Ghala lenyewe sitalitaja. Nilifika Jumatatu, rasimu ilitakiwa Ijumaa, na kwa mara ya kwanza tangu Kariakoo niliruka zile siku za maneno. Nilijiambia kilo ni kilo popote. Kufika Jumatano nilikuwa nimeona tofauti: kilo zilizopokelewa zilikuwa nyingi kuliko zilizotoka, tani kadhaa, na zilizobaki ghalani hazikutosha kuziba pengo. Nikaandika "upotevu usioelezeka". Chini yake nikapendekeza karani wa ghala asimamishwe kazi kupisha uchunguzi.

Karani alikuwa mzee wa makamo, mtaratibu, kanzu yake ya Ijumaa imekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki kwenye msumari wa ukutani. Alhamisi jioni akaniuliza, "Umeandika nini juu yangu, mwanangu?" Niliona aibu kumficha. Nikamsomea.

Hakupandisha sauti. Aliniuliza, "Na unyaufu umeuweka wapi?"

Sikuwa nalo neno hilo. Alinishika mkono mpaka kwenye rundo la magunia ya katani, akafungua moja, akachota korosho kiganjani na kuzitikisa karibu na sikio langu. Zililia kama njugu ndani ya kibuyu. Akaenda kwenye mzigo ulioingia asubuhi ile, akachota nyingine. Hizo hazikulia. "Hizi bado zina maji," akasema. "Zile zimekauka. Zikikauka zinapungua. Huo ndio unyaufu."

Halafu akatoa daftari lake. Kulikuwa na gunia moja alilolitia alama ya rangi nyekundu mwanzoni mwa msimu. Kila Jumatatu alilipandisha mzanini na kuandika. Ukurasa mzima wa tarehe na uzito, unashuka kidogo kidogo, kwa mwandiko mmoja, bila mtu yeyote kumwagiza.

Hesabu yake ni hii, na ningependa mwifanye wenyewe mkifika nyumbani. Gunia la kilo 80 lenye unyevu wa asilimia 12 lina kilo 70 na gramu 400 za kitu kikavu. Kilo 9 na gramu 600 ni maji. Likikauka hadi asilimia 9, kile kikavu kinabaki kile kile, lakini mzani sasa unasoma kilo 77 na kidogo. Kilo mbili na nusu na ushei zimepaa hewani. Gunia halikutoboka, hakuingia mwizi. Kwa magunia 10,000 hizo ni tani 26. Mimi nilizitazama tani za hewa nikaona mtu wa kufukuza kazi.

Nisieleweke vibaya. Unyaufu ni neno ambalo mtu mbaya anaweza kujificha nyuma yake, na wakulima wamelalamika miaka na miaka kuhusu makato yanayofanywa kwa jina hilo. Wana haki. Ndiyo maana unyaufu unapimwa, haukisiwi, na ndiyo maana lile gunia la alama nyekundu lilikuwa na thamani kuliko rasimu yangu yote. Tulipoondoa unyaufu kwenye tofauti ile, pengo lililobaki lilikuwa dogo, na tulilifuatilia mpaka kwenye mzani mmoja wa chama cha msingi uliokuwa umekaa juu ya sakafu iliyobonyea.

Usiku ule nilibaki naye mpaka taa ya chemli ikaanza kufuka. Akanifundisha na jinsi wanunuzi wanavyoupima mzigo. Wanachukua sampuli ya kilo moja kutoka magunia mbalimbali, wanapasua kila korosho katikati kwa kikatio, wanatenga viini vizuri na vilivyooza au kusinyaa, kisha wanapima. Ukipata, tuseme, gramu 280 za viini vizuri kwenye kilo, gunia la kilo 80 litatoa kilo 22 na gramu 400. Wao huisema kwa ratili, yaani paundi za uzito, kwa hiyo ni ratili 49 na ushei. Namba hiyo ndiyo inayosemwa mnunuzi anapopiga simu kwao, na bei inafuata humo. Niliandika yote. Ijumaa nilimpigia mteja simu nikaomba siku nne zaidi, nikamweleza sababu bila kuificha. Alikasirika. Alinipa.

Nimekaa sana Mtwara kwa sababu nataka mjue kinachoning'ata mpaka leo. Watu huzungumzia kujifunza haraka kama kipaji cha kupendeza, cha kuweka kwenye wasifu. Kwenye kazi yetu mtu aliyejifunza nusu anashika kalamu, na kalamu ile inaweza kumwondolea mtu mkate wake. Mteja hatajua kwamba ulielewa nusu. Ripoti imepigwa chapa vizuri, ina majedwali, ina jina la kampuni. Aliyeumia ndiye pekee atakayejua.

Miaka michache baadaye nikaitwa na mamlaka moja ya maji. Tatizo lao mlishalisikia: maji yanasukumwa mengi, yanayolipiwa machache. Nilipoona tofauti ile mwili ulinisisimka, nikakumbuka ghala. Nikasema safari hii siipi tofauti jina mpaka niigawe mafungu. Hicho nilikitoa Mtwara nikakileta kwenye mabomba, na naamini ndicho mtu anachoweza kubeba kutoka kazi hadi kazi. Majibu ya korosho hayakunisaidia kitu kwenye maji. Namna ya kuuliza ndiyo ilinisaidia.

Neno la kwanza kwenye daftari la safari ile ni "dira". Mjini watu husema mita. Kwenye mamlaka za maji ni dira. Neno la pili "boya". Fundi mmoja alinionyesha kwa nini hayo mawili yanakwenda pamoja. Nyumba nyingi zina tangi, na tangi lina boya linalofunga maji likijaa. Boya halifungi ghafla. Linabana taratibu, maji yanaingia kwa uzi mwembamba kwa muda mrefu, na dira iliyochakaa haizunguki kwa uzi mwembamba. Alifungua kifuniko tukachungulia: maji yanaingia tangini, tunayasikia, na dira imetulia kama saa iliyokatika. Yule mwenye nyumba hakuiba chochote. Alikuwa na dira kuukuu na boya zima.

Fungu la pili tulilitafuta usiku. Saa nane usiku mji umelala, hakuna anayefua wala anayeoga, matangi mengi yameshajaa. Maji yanayoendelea kupita kwenye dira kubwa ya mtaa saa hizo, sehemu yake kubwa ni mivujo. Tulitoka na tochi, fundi mbele, mimi nyuma na daftari. Dira ya mtaa ilikuwa inazunguka. Fundi alikuwa na kipande cha nondo, nondo ile ile niliyoiandika ukurasa wa kwanza Kariakoo, kirefu kama mkono. Anaweka ncha moja juu ya vali, ncha nyingine kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, anafumba macho. Vali ya kwanza akatikisa kichwa. Ya pili akatikisa kichwa. Ya nne akanipa nondo: "Sikiliza, mama."

Nilisikia mlio kama wa mafuta kwenye kikaango, mbali, usiokatika.

Kulipokucha walichimba hatua chache kutoka pale. Kiungio kilikuwa kimepasuka chini kwa chini, na maji yote yalikuwa yanaingia moja kwa moja kwenye mtaro wa mvua. Ndiyo maana hapakuwa na tope juu, na hakuna jirani aliyeona kitu. Kabla ya hapo ningekaa ofisini na jedwali la mwaka mzima nisikione. Wizi nao ulikuwepo, siwafichi, tuliukuta wa kutosha. Ila ulikuwa fungu la tatu, na ulikuja baada ya yale mawili kupimwa.

Sasa nisiwafanye mdhani kwamba ukishakuwa na namna ya kuuliza umemaliza. Pesa za simu zilinifundisha kinyume chake. Huduma hizo zilikuwa bado changa. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na ikaja Tanzania mwaka uliofuata. Nilitumwa kuangalia kwa nini mawakala wa mji mmoja wenye mnada wa ng'ombe wanafunga vibanda siku ambazo wangepaswa kupata wateja wengi. Nikaja na swali langu la ghala na mabomba: kilichoingia, kilichotoka, tofauti. Siku tatu nilikwama. Kila nikijumlisha, hesabu inakaa sawa mpaka shilingi ya mwisho. Siku ya nne nikamwuliza dada mwenye kibanda, "Sasa unapoteza wapi?"

Akanijibu, "Sipotezi, dada. Nakosa."

Neno hilo nilipigia mistari miwili. Wakala mwenye mtaji wa milioni moja anabaki na milioni moja siku nzima. Kinachobadilika ni umbo lake. Siku ya mnada wenye ng'ombe wanakuja kuweka pesa, anapokea noti tele na floti, yaani pesa yake iliyo kwenye simu, inakwisha. Mwisho wa mwezi walimu wanakuja kutoa, noti zinakwisha na floti imejaa kwenye simu. Milioni ipo, lakini iko upande ambao mteja wa siku hiyo haihitaji, na benki ya karibu ni safari ya basi. Mimi nilikuwa natafuta tundu kwenye gunia ambalo halina tundu. Ilibidi niliweke chini swali nililolipenda, lililonijengea jina, nianze upya na neno la yule dada. Hilo lilikuwa gumu kuliko kujifunza kazi yenyewe, na nadhani ndilo watu wanalomaanisha wanaposema mtu anabadilika na mazingira.

Stoo ya hospitali nitaipita upesi. Pale nilikuta kupoteza na kukosa kwenye rafu moja: dawa hii imekwisha wiki tatu, na inayoifuata imepita muda wa matumizi ikiwa bado kwenye boksi. Kutunza kadi ya kila dawa na kuhakikisha itakayokwisha muda mapema inatoka mapema, hayo nilijifunza kwa mtunza stoo ndani ya siku tano na nikaweza kushauri. Lakini uongozi ukaomba pia tupendekeze dawa zipi zipunguzwe kwenye orodha ili kuokoa fedha. Nikakataa. Hilo ni la mfamasia na daktari, hata ningekaa na daftari langu mwezi mzima. Wakatukata sehemu ya malipo, na ningekataa tena leo. Nawaomba mjue mapema ni mambo gani hayajifunzwi kwa wiki mbili, na myaseme mbele ya mteja kabla hajawalipa.

Nimeona baadhi yenu mnatumia akili mnemba kujiandaa. Mimi pia natumia. Ukiiuliza hesabu ya viini vya korosho itakupa. Haiwezi kukuambia sakafu ya chama fulani imebonyea chini ya mzani, wala haitakutikisia korosho sikioni. Ipe kazi ya usiku kabla hujafika, ili ukifika uulize vizuri zaidi. Ukishafika, kaa kwenye ndoo ya rangi.

Lipo deni ambalo sisi wa kazi hii hatulilipi. Yule mzee wa ghala, yule fundi wa nondo, dada wa kibandani, mtunza stoo. Tunajifunza kwao bure, tunaandika kwa Kiingereza, tunawasilisha hotelini kwa watu wasiowahi kushika gunia, tunalipwa. Aliyetufundisha haioni ripoti. Akiiona hawezi kuisoma. Kwa miaka mingi nilifanya hivyo na sikuwa najua kwamba nafanya.

Siku hizi kila ripoti ninayoiongoza ina kurasa chache za Kiswahili, ninaziweka kwenye bajeti tangu kwenye pendekezo, na ninazipeleka mwenyewe kwa walionifundisha kabla ya kumpa mteja rasimu ya mwisho. Wateja wengine wananiuliza kwa nini gharama ile. Nawaambia ndipo makosa yanapopatikana kwa bei rahisi.

Nilirudi Mtwara pia, misimu kadhaa baadaye, nikiwa na kurasa nne. Mzee alikuwa bado ghalani. Alivaa miwani, akasoma polepole, kidole kikifuata mstari. Ukurasa wa tatu kidole kikasimama. Nilikuwa nimeandika kwamba korosho "hupoteza uzito ghalani." Akaomba kalamu. Akafuta neno "ghalani," akaandika juu yake: "tangu zikiwa kwa mkulima, njiani, na ghalani." Akanirudishia karatasi, akaniambia nisome kwa sauti ahakikishe nimeuona mwandiko wake.

Ukurasa huo umo humu kwenye daftari. Atakayetaka kuuona, aje mbele wakati wa chai.

Ahsanteni.